CHAI NYEUPE YA WACHINA NA MAGANDA YA MANDARINI: NI KINYWAJI AO NI DAWA?



Katika kisanduku cha maswali cha gazeti letu tulikuta karatasi tatu zenye kuuliza jambo moja. Ya kwanza inasema: "Ile chai ya Wachina inayoitwa nyeupe, yenye kuchanganywa na maganda ya machungwa, ni kitu gani?" Ya pili inauliza kama ni kweli inaponyesha malaria na ugonjwa wa sukari. Ya tatu ni fupi: "Bei yake inakaribia minervali yangu. Inafaa kununua?"

Tunajua maswali haya yanatoka wapi. Wafanyabiashara wa upande wetu wanasafiri mpaka Guangzhou, huko China, kununua nguo, simu na vyombo. Wengine wanarudi na pakiti za chai. Pakiti moja ilifika mpaka hapa Mboko, tukaiona kwa macho yetu: kitu cha duara kama mkate bapa, rangi ya majani makavu ya muhindi, na ndani yake vipande vyeusi-vyekundu vya ganda. Mwenye kuiuza anasema ni chai ya miaka mingi, na kwamba inafukuza kila homa. Basi tukaona si vizuri kunyamaza. Tuliuliza walimu wa biolojia na wa kemia, tukasoma, na tukajaribu wenyewe jambo moja dogo juu ya paa la shule. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. MTI NI MMOJA

Jambo la kwanza la kushika ni hili: chai nyeupe haitoki kwenye mti mweupe. Chai nyeusi ya butike, chai ya kijani, na hii nyeupe, zote ni majani ya mti mmoja unaoitwa na wataalamu Camellia sinensis. Tofauti inaanza baada ya kuchuma, katika mikono ya watu. Ni kama mihogo kwetu. Muhogo ni mmoja, lakini kuko wa kuchemsha, kuko unga wa ugali, kuko chikwange. Mtu akila hivi vitatu bila kuambiwa, hawezi kujua kwamba mama yao ni mmoja.

Mti huo tuko nao katika mkoa wetu. Hapa chini kwenye ziwa hauoti vizuri, kwa sababu tuko kwenye meta karibu 770 tu, na joto ni kali. Chai inapenda milima, mvua ya mara kwa mara na udongo wenye asidi. Ndiyo maana Wabelgiji walipanda mashamba yake kule juu, Kabare na Walungu, na vilevile Kivu ya Kaskazini. Mashamba hayo yamepata taabu nyingi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza ile zairianizasyo, na mashamba ya wageni yakapewa watu ambao wengi hawakujua kazi yake. Halafu vita vya mwaka 1996 na vya 1998 vilifukuza wafanyakazi, na sehemu nyingi zikarudi kuwa pori. Hata hivyo chai ya Kongo haikufa yote: inaonekana katika mnada mkubwa wa Mombasa, pamoja na chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania.

Tunataja haya ili mtu asifikiri kwamba chai ni siri ya Wachina peke yao. Kenya ilipanda chai yake ya kwanza Limuru mwaka 1903, na leo ndiyo nchi inayouza chai nyeusi nyingi kuliko nchi zote katika soko la dunia. Viwanda vingine vya Kenya vinatengeneza hata chai nyeupe, kwa machipukizi yaliyochumwa kwa mkono. Kwa hiyo kitu tunachouliziwa leo si muujiza. Ni kazi, na kazi inaweza kuelezwa.

2. KWA NINI INAITWA NYEUPE

Ukikata avoka na kuiacha juu ya meza, baada ya muda inageuka rangi. Hewa imeingia, na kitu cha ndani ya tunda kimeungana na oksijeni. Jani la chai ni hivyohivyo.

Kwa chai nyeusi, majani yanaachwa yanyauke, halafu yanasokotwa ao kusagwa mpaka maji yake yanatoka. Hewa inafanya kazi yake, jani linageuka kahawia, ndipo linakaushwa kwa moto. Kwa chai ya kijani ni kinyume: mara tu baada ya kuchuma wanalipitisha jani kwenye joto kali, ili lile geuko lizuiliwe na rangi ya kijani ibaki.

Kwa chai nyeupe hawasokoti, hawasagi, hawakaangi. Wanatandaza majani juu ya nyungo pana za mwanzi, kivulini ao kwenye jua dogo, siku mbili ao tatu, mpaka yanyauke pole pole. Kisha wanamaliza kukausha kwa joto la chini. Ni hayo tu. Lakini msidanganyike na neno "hayo tu". Sisi watoto wa ziwa tunajua kazi ya kuanika. Mama anayeanika ndagala juu ya mchanga hafanyi kitu ambacho mgeni anaweza kukiita ufundi, lakini muulize. Akianika nene, ndagala wa chini wanaoza. Mvua ikimkuta bila kuwaondoa, amepoteza. Akiwaweka ndani ya mfuko kabla hawajakauka barabara, kesho kutwa mfuko unanuka na feza zimekwenda. Mtu wa chai nyeupe ana vita ileile, saa kwa saa, na jani ambalo ni laini kuliko samaki.

Jina "nyeupe" linatoka kwenye chipukizi. Chipukizi la mti huu, kabla halijafunguka, lina manyoya madogo meupe kama yale ya jani changa la boga. Kwa sababu halisagwi, manyoya yanabaki, na likikauka linang'aa kama feza. Nyumbani kwa chai hii ni jimbo la Fujian, hasa sehemu mbili zinazoitwa Fuding na Zhenghe. Wanaipanga kwa madaraja. Ya juu ni machipukizi matupu, wanaiita Baihao Yinzhen, maana yake sindano za feza. Ya pili ni chipukizi pamoja na jani moja ao mawili, inaitwa Bai Mudan. Ya chini ina majani makubwa yaliyokomaa, inaitwa Shou Mei. Ile pakiti tuliyoiona ilikuwa na majani makubwa na vijiti: ni ya aina hii ya mwisho. Si kwamba ni mbaya, hapana. Ndiyo inayotumiwa sana kwa kukaa miaka. Lakini anayeiuza kwa bei ya sindano za feza, huyo anatuona wajinga.

3. KUKAA MIAKA KUNAFANYA NINI

Chai nyingi zinazeeka vibaya. Zikikaa, harufu inakwisha na zinabaki kama nyasi. Chai nyeupe, kwa sababu haikupigwa moto mkali, inaendelea kugeuka pole pole hata ndani ya mfuko. Ikiwa changa, maji yake ni ya manjano kidogo sana na ladha yake ni kama nyasi mbichi na maua. Ikikaa miaka mitatu, mitano, saba, maji yanakuwa mekundu ya asali, ule ukali unapungua, na ladha inakwenda upande wa matunda makavu. Mwalimu wetu wa kemia alitueleza kwamba zile katekini, ambazo ndizo zinazofanya ulimi ukauke, zinapungua kadiri miaka inavyopita, na vitu vingine kama asidi galiki vinaongezeka.

Kuigandamiza kuwa mkate ni njia ya kuokoa nafasi, na mikate mingi ni ya gramu karibu 350. Mkate wa namna hii kwa chai nyeupe si jambo la mababu wa zamani sana kama wauzaji wanavyosema. Serikali ya China ilitoa kanuni yake ya chai nyeupe iliyogandamizwa mwaka 2015.

Wachina wana msemo juu yake: mwaka mmoja ni chai, miaka mitatu ni dawa, miaka saba ni hazina. Msemo ni mtamu, na wauzaji wanaupenda sana. Lakini msemo si jaribio la maabara. Miaka inageuza chai kuwa chai nyingine. Haiigeuzi kuwa dawa.

Tena si kila kilichokaa kimezeeka vizuri. Inafaa ikae pahali pakavu, pasipo jua, mbali na samaki, sabuni na petroli, kwa sababu chai inakamata kila harufu. Ikipata unyevu inaota ukungu. Mtu akikuambia kwamba ile harufu ya ukungu ndiyo uzee, mkatalie.

4. MAGANDA YA MANDARINI

Sasa tuje kwenye ganda. Wachina wanaliita chenpi, yaani ganda la zamani. Linalosifiwa zaidi linatoka Xinhui, katika jimbo la Guangdong, si mbali sana na kule Guangzhou wanakokwenda wafanyabiashara wetu. Kule wanalima mandarini ya aina yake, na jambo la kushangaza ni kwamba wanachokitafuta ni ganda. Nyama ya tunda, ambayo sisi tunaipigania sokoni, kwao mara nyingi ni ya bei ndogo kuliko ganda ambalo sisi tunalikanyaga njiani.

Wanalikata ganda katika vipande vitatu vinavyobaki vimeshikana chini kama ua. Wanaligeuza ndani nje, wanalianika juani, kisha wanalihifadhi. Kwa desturi halistahili jina lake kabla ya miaka mitatu. Kila mwaka, hali ya hewa ikiwa kavu, wanalitoa tena kulianika ili wadudu na ukungu visilishike. Tunda likichumwa bado kijani, ganda lina mafuta mengi na ukali. Likichumwa limeiva, ganda ni tamu zaidi na nene.

Kitu kinachonukia katika ganda ni mafuta yaliyomo katika vile vitundu vidogo tunavyoviona kwa macho. Bonyeza ganda bichi karibu na moto wa mshumaa, utaona cheche ndogo: ndiyo mafuta hayo, na sehemu kubwa yake inaitwa limonene. Miaka ikipita, sehemu ya mafuta inaruka, uchungu unapungua, na harufu inakuwa nzito zaidi. Ndiyo maana ganda la zamani linapatana na chai ya zamani. Vyote viwili vimeshapoteza ukali wao wa ujana, na hakuna kinachomshinda mwenzake ndani ya kikombe.

Wachina si peke yao walioona faida ya kukausha matunda ya namna hii. Kule Oman, ambako kuko watu wengi wanaosema Kiswahili kwa sababu ya undugu wa zamani na Zanzibar, kuko ndimu kavu zinazoitwa lumi. Wanazichemsha ndimu nzima katika maji ya chumvi, wanazianika mpaka zinakuwa ngumu na nyeusi, halafu wanazitia katika mchuzi ao wanazichemsha kuwa kinywaji. Na watu wa pwani ya Waswahili wanatia tangawizi, iliki na mchaichai katika chai. Kwa hiyo kuchanganya chai na kitu cha kunukia ni desturi ya watu wengi. Sisi tuko na mchaichai nyuma ya nyumba zetu, na hakuna anayetulipisha.

5. TULICHOJARIBU JUU YA PAA

Wakati wa kiangazi kilichopita tulikusanya maganda ya mandarini na ya machungwa kutoka kwa wamama wanaouza matunda. Walicheka, wakatupa bure. Tuliyaosha mara mbili kwa maji safi, tukayapima kwenye mizani ya maabara, tukayagawanya katika mafungu matatu ya gramu 400.

Fungu la kwanza tulilitandaza juu ya kitunga, bila ganda kulala juu ya ganda, tukaliweka juani na kuliondoa kila jioni kabla ya umande. Fungu la pili tuliliweka ndani ya chumba, kwenye kivuli chenye upepo. Fungu la tatu tulilifunga kusudi ndani ya sashe ya plastiki, tuone.

Baada ya siku tano, fungu la kwanza lilikuwa linavunjika kama biskuti, na uzito wake ulikuwa kidogo zaidi ya gramu 100. Maana yake karibu robo tatu ya ganda ilikuwa maji. Fungu la pili lilikawia siku tisa, lakini harufu yake ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Fungu la tatu liliota ukungu wa kijani siku ya nne, na tulilichoma moto.

Hapa kuko fundisho linalopita mambo ya chai. Ukungu wa namna fulani unaacha sumu, na ile sumu ya karanga na ya muhindi iliyooza, inayoitwa aflatoksini, haiondoki kwa kuchemsha sufuria ya kawaida. Kwa hiyo ganda lenye ukungu, chai yenye ukungu, na vilevile unga wa muhindi wenye ukungu, havipashwi moto ili "vipone". Vinatupwa.

Maganda mazuri tuliyatia katika chai nyeusi ya kawaida, vipande vitatu kwa birika moja. Walimu wawili walionja bila kuambiwa. Mmoja aliomba kikombe cha pili. Mwingine alisema ni chungu kidogo, na alisema kweli, kwa sababu ganda letu lilikuwa na wiki mbili tu, si miaka mitatu.

6. JE, INAPONYESHA?

Hapa tunaomba msome pole pole, kwa sababu jambo hili si la mchezo. Mwaka uliopita mwenzetu mmoja wa wale wanaolala shuleni alishikwa na homa. Alikaa siku tatu akinywa maji ya majani aliyopewa na mtu, akisema ataona nafuu kesho. Siku ya nne alikuwa hajui jina lake. Alibebwa kwenda kituo cha afya, wakapima damu, ikawa malaria kali. Mungu akasaidia, alipona. Lakini ile siku ya nne ingeweza kuwa ya mwisho.

Wengine watatujibu: "Lakini dawa ya malaria si ilitoka kwa Wachina, na si ilitoka kwenye majani?" Ni kweli, na historia hiyo ni nzuri sana kwa kuona tofauti ya kinywaji na dawa.

Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, China ilianzisha kazi ya siri ya kutafuta dawa ya malaria. Mama mmoja mtaalamu, Tu Youyou, na wenzake walipekua vitabu vya zamani na kujaribu mimea mingi. Mmoja ulikuwa Artemisia annua. Mara ya kwanza mmea ulionyesha nguvu, halafu nguvu ikapotea. Katika kitabu cha Ge Hong, mtu aliyeishi karibu miaka 1600 iliyopita, Tu Youyou aliona kwamba yule mzee hakuchemsha majani: aliyaloweka katika maji na kuyakamua. Akafikiri, pengine moto ndio unaoharibu dawa. Akatumia etha, ambayo inachemka kwa joto dogo. Mwaka 1971 walipata kile walichotafuta, na mwaka 1972 dutu yenyewe, artemisinini, ikatengwa. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Vidonge tunavyopewa leo vinachanganya dutu ya ukoo huo na dawa ya pili, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mgonjwa.

Angalieni basi. Jani lilikuwa dawa kweli. Lakini ili liponyeshe watu, ilihitajika kujua ni kitu gani ndani yake, kiasi gani, na siku ngapi. Katika kikombe cha majani hujui kiasi. Leo ni nyingi, kesho ni kidogo, na kidogo kinawafundisha vijidudu vya malaria kuzoea dawa. Ndiyo maana mwaka 2019 OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, ilisema haikubali chai ya artemisia kwa kutibu ao kuzuia malaria. Na ikiwa ni hivyo kwa mmea wenye dawa ndani yake, tuseme nini juu ya chai nyeupe na maganda ya mandarini, ambavyo havina hiyo artemisinini hata kidogo?

Kwa ugonjwa wa sukari ni hivyohivyo. Kunywa chai bila sukari ni vizuri kuliko kunywa chai yenye vijiko vitano. Lakini mgonjwa akiacha vidonge ao sindano zake kwa sababu ya chai, anajiua pole pole.

7. FAIDA ILIYO YA KWELI, NA HATARI NDOGO

Tusionekane tunaichukia chai. Iko na faida, na faida kubwa kwetu ni ile ambayo hakuna muuzaji anayeitaja: maji yake yamechemka. Pwani yetu ya Tanganyika inajua kolera. Inarudi mara kwa mara, kwa sababu wengi wetu tunachota ziwani palepale watu wanapooga na kufua. Maji yakichemka kwa nguvu dakika moja, vijidudu vya kolera vinakufa. Mtu aliyekunywa chai moto katika kikombe kisafi amekunywa maji salama, hata kama majani yake ni ya bei ndogo kabisa. Kwa hiyo kama kuko dawa ndani ya birika, ni moto na makala, si miaka saba ya Fujian.

Faida ya pili ni kwa sisi tunaojitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Chai ina kafeini, inaamsha akili. Chai nyeupe pia inayo; msiamini wanaosema haina. Lakini kafeini inakawia mwilini: saa tano baada ya kunywa, karibu nusu yake ingali ndani. Anayekunywa saa nne ya usiku asishangae kuona dari mpaka saa tisa, halafu kusinzia mbele ya mwalimu asubuhi.

Hatari iliyo kubwa ni juu ya damu. Chai inashika madini ya chuma yaliyomo katika chakula cha mimea, kama maharagi na sombe, na kuyazuia kuingia mwilini. Kikombe kimoja pamoja na chakula kinaweza kupunguza chuma kinachoingia kwa nusu na zaidi. Wengi hapa tunaishi kwa maharagi na sombe, malaria inatuharibia damu, na dada zetu wanapoteza damu kila mwezi. Basi chai inywewe saa moja ao mbili mbali na chakula. Katika chakula chenyewe kunywa maji safi, na kula chungwa ao mandarini: vitamini C yake inasaidia chuma kuingia. Na mama mwenye mimba anayepewa vidonge vya chuma kliniki asivimeze na chai.

8. MAJIBU YETU KWA MASWALI MATATU

Kwa aliyeuliza ni kitu gani: ni majani ya mti uleule wa chai, yaliyonyaushwa na kukaushwa bila kusagwa, yakawekwa miaka, yakachanganywa na ganda la mandarini lililokaushwa na kuwekwa miaka vilevile. Ni kinywaji kizuri, na kazi ya watu wenye subira.

Kwa aliyeuliza kama inaponyesha: hapana. Homa ikikushika, usingoje hata siku moja. Nenda kwa munganga, upimwe damu, umeze dawa yote uliyopewa mpaka mwisho.

Kwa aliyeuliza kama inafaa kununua kwa bei ya minervali: lipa minervali. Kisha kusanya maganda ya mandarini sokoni, yaoshe vizuri, yaanike juu ya kitunga wakati wa jua, yaweke katika chupa kavu yenye kifuniko. Andika tarehe juu yake. Chemsha maji kwa nguvu, tia majani ya butike kidogo, tia vipande viwili ao vitatu vya ganda, funika dakika tano, kunywa. Likiwa chungu, liache likae zaidi, na kila kiangazi ulitoe tena juani. Sisi tumeweka chupa moja juu ya kabati la maabara, yenye tarehe. Baada ya mtihani hatutakuwa hapa tena. Tunawaomba ninyi mnaobaki muilinde na unyevu, msiifungue kwa haraka, na baada ya miaka mitatu mwandike katika gazeti hili namna ilivyo.

Kwa niaba ya wenzetu wa mwaka wa mwisho,
Mkubwa wa wanafunzi